Jirani Aliyenitoa Nje Kila Alasiri

Mama alipopata kiharusi nilikuwa nafundisha Korogwe. Niliomba uhamisho, nikarudi Makorora, Tanga mjini, kwenye nyumba nilimozaliwa, na sanduku moja na baiskeli. Upande wa kulia wa mama ulikuwa umekufa ganzi na ulimi haumtii tena. Baba alikwishatangulia mbele ya haki, ndugu zangu wametawanyika. Asubuhi nikiwa shule, shangazi alikuja kumwangalia. Nikirudi tu, shangazi anachukua mtandio wake anakwenda kupika kwake, na kuanzia hapo mpaka kunapambazuka ni mimi na mama.

Kuuguza si kazi ngumu ukiitazama moja moja. Kumgeuza mtu, kumwosha, kumlisha uji wa mchele kwa kijiko, kufua shuka. Ila haina mwisho. Nikawa nakula wima, nimeegemea mlango wa jikoni. Nywele sikuzifumua, nilizifunika kwa ushungi nikaona basi. Siku moja nimesimama mbele ya darasa, watoto wakaanza kucheka chinichini. Nikatazama miguu yangu: kiatu kimoja cheusi, kingine cha kahawia.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la vitambaa la mama mmoja wa Kihindi, mjane. Ukoo wao umezikwa Tanga vizazi na vizazi, na Kiswahili chake kilikuwa cha hapahapa, kitamu kuliko changu. Tangu utotoni tulimwita Mama wa Dukani. Jioni ya siku ile ya viatu alinisimamisha kizingitini kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekula nini?"

"Nimekula, alhamdulillahi."

"Sikukuuliza kama umekula. Nimekuuliza umekula nini."

Nikafikiri. Sikukumbuka. Akanitazama tangu ushungi hadi viatu, wala hakucheka.

"Kesho nikishaswali alasiri nafunga duka, nakuja kwenu. Nitakaa na mama yako mpaka adhana ya magharibi. Wewe utoke."

"Nitoke niende wapi?"

"Hilo si langu. Utoke tu."

Alikuja kweli, na kikombe chake cha chai ya tangawizi mkononi. Nikatoka. Kwa kuwa sikujua pa kwenda nilikwenda sokoni, nikanunua nazi na sabuni ya kufulia, nikarudi mbio. Nilimkuta bado ameketi kando ya kitanda, anamsimulia mama habari za harusi ya mtaa wa pili. Akalitazama kapu langu.

"Hii ndiyo alasiri niliyokupa? Ukaifanyie kazi za nyumba?"

"Sabuni ilikwisha, mama."

"Sabuni nitakuletea mimi. Keti." Nikaketi. Akashusha sauti ingawa mama alikuwa anasikia. "Mimi nilimuuguza mume wangu chumba cha nyuma cha duka lile. Sikutoka. Harusi sikwenda, maziko sikwenda, hata uani sikukaa nikapunga upepo. Niliona nikitoka kidogo tu, nimemtupa. Alipofariki watu wakaja kunihani, nami nawatazama kama wageni. Nilikuwa sijui tena kuzungumza na mtu asiye mgonjwa. Mwanangu, sitaki yakukute na wewe."

Kesho yake alipokuja tena nikapanda baiskeli, nikavuka mji mpaka Raskazone. Sikupanga. Baiskeli ilielekea huko na mimi nikaiacha.

Pale ufukweni palikuwa na kundi la akina mama wanaooga na madera yao, wanapiga kelele na kurushiana maji kama wasichana. Nikasimama kwenye ngazi za kushukia majini, na Kigombe ikanijia yote. Mama ni mzaliwa wa Kigombe, kijiji cha pwani, na likizo zote za utoto wangu tulizimalizia kwa bibi. Maji yakitoka, mama na wenzake walikwenda kutafuta pweza. Maji yakijaa tena, alifunga kanga kifuani, akalala chali juu ya bahari, macho kayafumba. Sisi watoto tukimwendea alisema, "Msinisemeshe. Nimepumzika." Nasi tulimwacha. Ilikuwa ajabu kwetu kumwona amelala hivyo, yeye ambaye nyumbani hata kuketi hakuketi.

Mmoja wa wale wanawake, mnene, mwenye sauti nzito, akaniita, "Wee, utasimama hapo mpaka lini? Maji hayapandi ngazi!"

Nikaingia na gauni langu la shule. Kwanza niliogopa, kisha mwili ukakumbuka. Nikalala chali. Maji yakaziba masikio, kelele zote zikakatika. Nikalia humo majini, na hakuna aliyejua, maana uso mzima ulikuwa maji.

Nilirudi nyumbani nimejifunga kanga ya kuazima, nywele zinachuruzika. Nilipoinama kumsalimu mama, alinyoosha mkono wake wa kushoto, akashika nywele zangu, kisha akapeleka vidole mdomoni. Akaonja. Nusu ya uso wake ikacheka. Tangu augue sikuwa nimemwona anacheka.

"Ameipata chumvi yake," Mama wa Dukani akasema.

Basi ikawa desturi. Adhana ya alasiri ikimalizika, mama mwenyewe anaanza kutazama mlango. Nikichelewa ananisukuma kwa ule mkono mzima. Siku nyingine sikuoga, nilikaa tu kwenye ukuta wa ufukweni nikala embe bichi kwa pilipili na chumvi. Nikafumua nywele nikazisuka. Mama hakupona kwa sababu ya hayo, wala nguo hazikupungua kwenye beseni. Lakini nilipomgeuza, mikono yangu haikuwa na hasira tena, na nadhani alikuwa anaijua hiyo hasira kabla yangu.

Wale wanawake wa Raskazone niliwahadithia habari za mama. Yule mwenye sauti nzito akasema, "Sasa unatusimulia za nini? Mlete."

Tulimpeleka kwa bajaji, Mama wa Dukani kamkumbatia upande mmoja, mimi mwingine. Wanawake walikwishaandaa kiti cha plastiki. Wakamwinua juu juu na kiti chake, huku wanamwimbia kama bibi harusi, wakashuka naye ngazi polepole mpaka maji yakamfika kiunoni. Mawimbi yakawa yanaunyanyua mkono wake uliokufa, yanauweka, yanaunyanyua tena. Mama akautazama kama anaona mtu aliyepotezana naye. Mama wa Dukani, ambaye alituapia kwamba haingii baharini katu, alikuwa amesimama kando yake, sari yake imelowa hadi magotini.

"Mama, baridi?" nikauliza.

Akatikisa kichwa. Kisha akafumba macho, na wote tukanyamaza, hata yule mwenye sauti nzito.

Aliishi mpaka Ramadhani ya pili baada ya hapo, akatuacha alfajiri, katika usingizi. Walipokuja watu kunihani niliweza kuzungumza nao. Niliwakaribisha, nikawapa kahawa, nikalia nilipotaka kulia. Mama wa Dukani aliketi jamvini nami siku zote za matanga.

Naye hayupo tena Makorora. Mwanawe amemchukua Dar es Salaam, miguu haimbebi, na dukani kwake sasa wanauza vifuniko vya simu. Hunipigia mara kwa mara, hulalamikia joto la huko na kwamba majirani hawaambiani hata karibu chai.

Mimi bado nafundisha, na mwaka huu shule imenipa madarasa mawili kwa kuwa walimu hatutoshi. Alasiri nikiweza naifuata barabara ya Raskazone. Wanawake wengi ni wapya, wananiita mwalimu. Nikitoka majini naketi ukutani, nguo zinikaukie mwilini, na simu naiacha kwenye kapu la baiskeli, ilie inavyotaka.