Amana ya Jirani Stooni kwa Mama

Watu wananiambia nisamehe. Jirani ni jirani, wanasema, na mamaangu mwenyewe keshakwenda zake kwa Mola wake, sasa mie nnaubeba wa nini mzigo huu? Nnawajibu: hebu kaeni kwanza niwahadithie, halafu ndio mniambie habari za kusamehe.

Nyumba ya mama iko Al Hail, hapa Maskati. Chumba chake alikichagua mwenyewe siku tuliyohamia, kwa sababu dirisha lake lilikuwa likipata upepo na sauti ya adhana. Pumu alikuja nayo tokea Unguja, ndogo, ya kukohoa siku za baridi na kusuguliwa mafuta kifuani, basi. Alikuwa na ombi moja tu kwetu sisi watoto wake: asihamishwe chumba kile. Nilipokuwa nikimwambia aje akae kwangu Al Amerat, akinijibu, "Huko milimani kwenu mie simjui mtu. Niacheni nilale nilipopazoea."

Na chini ya dirisha hilo, upande wa pili wa ukuta, ndiko jirani alikojenga banda la gari yake.

Jirani huyu si mgeni. Kakua mbele yetu, bibi yake alikuwa shoga yake mama, na mama alikuwa akimwita mjukuu. Alipopata kazi ya ofisini akanunua gari kubwa, injini ya silinda nane. Si vibaya, kila mtu na raha yake. Lakini siku moja gari ile ilikwenda ikarudi na sauti nyingine kabisa. Ilinguruma mpaka vikombe vikalia kabatini. Kuanzia hapo, kila asubuhi yeye akitoka, anaiwasha, anaiacha inanguruma, anarudi ndani kuoga, kuvaa, kunywa kahawa na tende zake kwa nafasi. Ati kiyoyozi kiipoze gari! Mwezi wa Januari, watu tumevaa masweta, yeye gari yake inapoa.

Sisemi kwamba ni yeye peke yake. Maskati nzima tuna tabia hii. Gari zinaachwa zinanguruma nje ya msikiti, nje ya dobi, nje ya skuli. Tukitaka chai hatushuki, tunapiga honi nje ya duka, mtumishi atoke mbio atuletee vikombe dirishani, na injini inakwenda wakati wote huo. Mie mwenyewe asubuhi nikiushuka mlima kutoka Al Amerat, gari zimefuatana moja nyuma ya moja na ndani ya kila moja kakaa mtu mmoja, nlikuwa nnauona mji kule chini umefunikwa utando wa rangi ya chai ya maziwa. Siku za baridi upepo unatulia, moshi unakosa pa kwenda, unachanganyika na vumbi, umebanwa baina ya milima na bahari. Sote tunautia humo. Lakini wa kwake yeye ulikuwa ukiingia moja kwa moja kifuani kwa mamaangu.

Nilimwendea kwa adabu mara ya kwanza. Akaweka mkono kifuani: "Inshaallah, dada." Kesho yake, vilevile. Mara ya pili akacheka. "Dada nawe, ni dakika mbili tu!" Mara ya tatu sikufika kwake, mama alinizuia mlangoni. "Usinigombanishe na majirani zangu. Wewe unakwenda zako kwako, mie ndiye nnayebaki nao." Mamaangu alikuwa na maradhi mawili, pumu na kusamehe. Moshi wa gari ukiingia, yeye anafukiza udi kuondosha harufu. Daktari wa kliniki aliposikia alikuja juu: moshi juu ya moshi, bi mkubwa! Basi udi akauacha. Moshi wa jirani hakuna aliyeuacha.

Sasa nije kwenye amana.

Siku chache baada ya gari kubadilika sauti, jirani alikuja na kitu kizito ndani ya gunia la mchele. "Bibi, nna amana yangu hii. Stoo kwangu imejaa, niwekee." Mama akaipokea kwa mikono miwili. Hakuuliza ni nini. Kwetu mtu akiweka amana kwako humuulizi ndani mna nini, ni kama kumwambia humuamini. Akaiweka rafuni stooni, na stoo ile na kitanda chake vilitenganishwa na ukuta mmoja. Kila mwaka jirani anakuja mara moja kuichukua, na baada ya siku chache anairejesha, na bakuli la halwa juu yake. "Mtoto ana adabu huyu," mama husema. Mie nilikuwa nikilifuta vumbi lile gunia. Niliwahi kuchungulia nikaona chuma tu, kimevimba katikati na bomba kila upande. Nikalifunga tena.

Baridi moja mama alizidiwa. Usiku hakulala, anakaa kitako kakumbatia mto, na asubuhi injini ikianza tu, anajifunika kanga puani. Midomo ilipogeuka rangi tukamkimbiza hospitali, akatiwa oksijeni. Daktari akatuambia wazi: dawa tunampa, lakini dawa haishindani na hewa anayoivuta kila siku. Ama mumuondoe yeye kwenye moshi, ama muuondoe moshi kwake. Mama akaisogeza ile barakoa ya oksijeni kidogo, akasema, "Chumba changu msikiguse."

Siku hizo nilikuwa nakwenda na kurudi mpaka gari yangu ikaanza kulalamika, nikaipeleka gereji kule mtaa wa Ghala. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki nasubiri, nikatupa jicho ukutani. Khaa! Rafu nzima ya vile vyuma. Vimevimba katikati, bomba kila upande, kila kimoja kimeandikwa nambari ya gari kwa chaki.

"Hivi ni vitu gani?" nikamuuliza fundi.

Akacheka. Masega hayo, akaniambia. Ndani mna vitundu vitundu mithili ya sega la nyuki, moshi wa injini unapita humo unasafishwa sumu yake kabla haujatoka nje. Vijana wanakuja kuyatoa ili gari ipate sauti na mbio. Ikifika zamu ya ukaguzi, ambapo gari haipiti bila masega na leseni yake haitoki, wanakuja kuyafunga. Wakishapita, wanayatoa tena.

"Na wasio na pahala pa kuweka?"

"Wanaweka kwa jamaa zao," akasema.

Wallahi nilihisi damu imenipanda mpaka masikioni. Miaka ile yote mamaangu kalala anahangaika na pumzi, na kitu cha kuusafisha moshi ule kiko nyuma ya kichwa chake, ukutani pale pale, yeye ndiye mlinzi wake! Anakifunika kisipate vumbi! Na anapewa halwa!

Njiani nilipanga mengi. Nikitie baharini. Nikiuze chuma chakavu. Nikiweke juu ya boneti yake mbele ya watu wanatoka msikitini. Nikaenda stooni, nikalishika gunia, nikaliachia. Amana haikuwa yangu, ilikuwa ya mama. Nikasema haya, nitasubiri.

Sikusubiri sana. Siku ya tatu jirani kabisha hodi, kanawa uso, ananukia. "Dada, pole na kuuguza. Bibi hajambo? Mie nilikuwa nnataka ile amana yangu, gari imefika zamu ya ukaguzi."

"Amana uliiweka mikononi mwa nani?"

"Kwa Bibi."

"Basi nenda kaichukue mikononi mwa Bibi. Mie siwezi kutoa nisichokabidhiwa."

Akanikodolea macho. "Lakini Bibi yuko hospitali!"

"Si unapajua? Gari unayo."

Alikuja jioni ile ile, na halwa. Nikamvutia kiti karibu na kitanda, karibu khasa, aisikie ile mashine ya oksijeni. Mama akafurahi kumuona. Jirani akaomba amana yake, na mama mara moja akanigeukia: "Mpe mwenzio kitu chake."

"Nitampa, mama. Lakini kwanza akwambie ni kitu gani. Umemuwekea miaka, hujui unachoweka."

"Dada, ni kipuri tu cha gari," akasema haraka.

"Kinafanya kazi gani?"

Akawa analizungusha lile bakuli la halwa. Nilikuwa nnamtazama usoni, na nilikuwa na furaha, siwafichi. Furaha mbaya, ya kukunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Mama naye sasa akawa anataka kujua. "Sema, mwanangu. Kina kazi gani?"

"Kinasafisha moshi, Bibi."

"Moshi wa gari yako?"

"Ndiyo, Bibi."

Mama akavuta pumzi mbili tatu, akafikiri. Hakuwa mtu wa hasira, alikuwa anauliza kwa kutaka kufahamu tu, na ndio maana swali lake lilimchoma jirani. "Sasa kikiwa stooni kwangu, moshi unasafishwa na nini?"

Yule mtu mzima na ndevu zake akaanza kulia. Akambusu mama mkono, akambusu kichwa, akaapa kwamba akishakifunga hakitoki tena, na gari hataiwasha mpaka amekaa ndani yake. Mama akampapasa bega. "Nshakusamehe, mwanangu. Mpe kitu chake, wewe." Nikaenda nikampa. Chuma akakichukua, gunia kaliacha sakafuni. Nikalifua, nikalianika, nikalikunja.

Mama akarudi nyumbani, chumbani kwake. Siku za mwanzo gari ikawa kimya kama gari za watu. Nikasema labda. Mie nami nikaanza kupanda gari moja na wenzangu wawili wa Al Amerat tunaofanya kazi pamoja, na dukani nnashuka kwa miguu yangu kufuata chai, wananicheka. Mama dirisha likafunguliwa, akalala usingizi wa mtu mzima wa afya. Halafu asubuhi moja nimemletea uji, nikasikia vikombe vinalia kabatini. Ukaguzi ulikuwa umepita. Chuma safari hii hakukileta kwetu, alikipeleka pengine.

Mama alikuwa na kijiko mkononi. Akakirejesha bakulini. "Funga dirisha," akasema. Hakusema zaidi, wala hakumtaja. Alikuwa keshamsamehe, na mamaangu akishasamehe hairudii hesabu. Baridi iliyofuata hakumaliza mwezi. Alifia chumbani mwake, kama alivyotaka, na dirisha limefungwa.

Kwenye karatasi ya hospitali imeandikwa pumu na uzee. Sawa.

Kwenye matanga majirani walituletea chakula, kama ada. Jirani naye akaleta sahani kubwa ya harisa ya ngano na nyama, samli inaelea juu. Alisimama kwenye safu ya wanaume, akatoa mkono wa pole kwa kaka zangu kichwa chini. Mie nikaiosha ile sahani, nikaiweka peke yake.

Kwetu sahani ya jirani hairejeshwi tupu. Mama kanifunza hivyo tangu mdogo: utatia kaimati, utatia tende, hata kama ni malimau mawili utayatia. Basi baada ya matanga, asubuhi, nilichukua lile gunia la mchele, safi, limekunjwa vizuri, nikaliweka juu ya sahani, nikatoka nayo. Gari yake ilikuwa bandani inanguruma, peke yake, hamna mtu ndani. Nilipita kando yake nimebana pumzi.

Mkewe ndiye aliyefungua. Bibi harusi wa juzi tu, mtoto mchanga kamlaza begani. Akapokea sahani, akatabasamu, akaliona gunia, tabasamu likasita. "Hili nini, dada?"

"Ndani yake ilikuwamo amana ya mumeo. Aliiweka kwa mamaangu." Na nikamwambia yote, pale pale mlangoni, kwa sauti ya juu ili nishinde ile injini: chuma kina kazi gani, kilitolewa kwa nini, kilikaa wapi, kiapo cha hospitali. Sikuacha neno. Nilikuwa nimeyapanga maneno yale kwa muda mrefu, nikayamimina. Nilitaka aibu yake iingie nyumbani mwake na ikae mezani pake.

Mtoto akakohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, halafu kifua kikawa kinalia kwa ndani, na mbavu zikabonyea. Nnakijua kilio kile. Nimekisikiliza miaka. Mama mtu akaniona nnavyomtazama mwanawe, akasema pole pole, "Daktari anasema labda ni vumbi."

 

Aliiweka sahani chini, kwenye kizingiti. Akapita mbele yangu na kandambili za ndani, mtoto begani, akafungua mlango wa gari, akazima. Akachomoa funguo, akarudi, akazitia ndani ya lile gunia, akalikunja tena kama nilivyolikunja mie. Mtaa mzima ukanyamaza. Tukawa tunasikia pumzi ya yule mtoto tu.

Ndani, kikombe cha kahawa kikawekwa chini. Mumewe akaja mlangoni anafunga vifungo vya kanzu, kanuna.

"Nani kaizima gari?"

"Mie," mkewe akasema, na gunia kalikumbata.

Akaniona. Akaliona gunia. Mie nilibaki palepale nimesimama, nikimsubiri amwambie mkewe ni dakika mbili tu.