Inchi za Tufani

Fundi cherehani hakuamini maneno ya mtu. Aliamini futi yake ya shingoni, na wanawake walitoka mitaa ya mbali kuja kushonewa naye. Kila Jumamosi alimpima tumbo hata Tufani, mbwa wao jike wa damu chotara, mkubwa kama ndama, ambaye mkia wake ulishavunja vikombe vinne. Wiki hii futi ilionyesha inchi mbili zaidi. Wiki iliyopita, vilevile.

"Humu ndani kuna mtu anamlisha mbwa kwa siri!"

"Baba Watoto, hicho chakula cha siri ningekula mwenyewe," mkewe akamjibu.

Hakushawishika. Alinusa mikono ya mkewe. Akafunga sufuria zote kwa uzi, kwa fundo analolijua yeye tu. Mama mkwe wake alikuwa akicheka chini kwa chini, na fundi akauhesabu ule mcheko kuwa ushahidi. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, akamkazia jicho.

Jumatatu asubuhi Tufani hakuja kumrukia. Fundi alimkuta kwenye kabati la vitambaa, amelalia gauni la mteja mjamzito, na watoto saba wananyonya.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua tangu mwezi uliopita, mwanangu," mama mkwe akasema. "Lakini mtaa mzima unakuita Fundi wa Wajawazito. Mimi nani nikufundishe kazi?"