Mgombea wa Buluu Mtaa wa Wachimba Makaa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wembe uko shingoni mwa Mzee Norman Teasdale, na Mzee Norman hanyamazi.

"Chama chenu ndicho kilichoua kijiji hiki," anasema, povu likimdondoka kidevuni.

"Tulia, mzee. Nikikukata utasema nimetumwa," anajibu Glenda Hedley, akimgeuza uso taratibu kwa kidole.

Glenda, mwenye miaka hamsini na mmoja, ni mhudumu wa wazee majumbani hapa Thornlaw, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Anawaogesha, anawanyoa, anawapikia uji wa shayiri na kuhakikisha dawa zimemezwa. Hulipwa kwa saa, na muda wa kukimbia toka nyumba hadi nyumba haulipwi. Alhamisi ijayo jina lake litakuwa kwenye karatasi ya kura: mgombea ubunge wa chama cha Conservative.

Kwingine hiyo si habari. Hapa ni habari. Zaidi ya miaka arobaini iliyopita wachimba makaa ya mawe wa hapa waligoma mwaka mzima dhidi ya serikali ya chama hichohicho iliyokuwa ikifunga migodi, na waliorudi kazini kabla ya wenzao, mpaka leo hakuna anayewasalimu baa. Kutembea mitaa hii na ua la utepe wa buluu, rangi ya chama hicho, kifuani kunataka roho ngumu. Mimi ningelivaa ndani ya koti.

"Kituo cha wazee kilipofungwa, nilizunguka kwa wakubwa wote," Glenda ananieleza akikausha wembe. "Aliyefungua mlango akanisikiliza alikuwa mtu wa Conservative. Ningefanyaje, nimwambie rangi yake siitaki?"

"Ungemwambia," anadakia Mzee Norman.

"Wewe kesho nani atakunyoa?"

"Wewe."

Wazee wanambishia na kumpenda. Asiyembishia ni mmoja tu, baba yake. Wilf Hedley, mwenye miaka themanini na tatu, anaishi namba tisa, mtaa huohuo wa Mzee Norman, na tangu mwezi uliopita hajamfungulia binti yake mlango.

Kosa ni la Glenda, naye halifichi. Vipeperushi vya kampeni vilipoandaliwa, kila mgombea aliandika historia yake kwa kifupi. Yeye akaweka juu kabisa: Binti wa mchimba makaa. Hakumuuliza mwenye makaa yake.

Wilf alikiokota kipeperushi mlangoni, akakisoma, akampigia simu. "Aliniambia, umechukua mwaka wangu wa njaa ukaufanya tangazo la dukani," anasema Glenda. "Na alikuwa sahihi. Hilo ndilo linalouma."

Jumapili iliyopita aliketi na marobota ya vipeperushi vilivyobaki, akaanza kuufuta mstari ule kwa kalamu nyeusi, kimoja baada ya kingine. Derek Stobbart, anayesimamia kampeni yake, nusura alie.

"Glenda, huo ndio mstari pekee unaotupa kura hapa."

"Basi tutazikosa."

Alifuta mpaka vidole vikavimba. Nimeandika habari za wagombea wengi, na sijawahi kumwona mmoja akijipunguzia kura kwa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi, manyunyu yakianguka, namfuata akigawa vipeperushi. Wagawaji wote wa hapa hutembea na mwiko wa mbao wa kusukumia karatasi kwenye tundu la barua, maana nyuma ya mlango mbwa husubiri vidole. Wa kwake umevunjwa na mbwa wa namba tatu. Anaendelea na mikono mitupu.

Namba tisa angeweza kusukuma karatasi na kupita. Anabisha hodi.

Wilf anafungua. Anamtazama kama anavyomtazama mgombea yeyote. Glenda anampa kipeperushi. Mzee anakiinua kwenye mwanga, anapitisha kidole gumba juu ya wino mweusi.

"Umefuta vyote?"

"Vyote, baba."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

Anaingia ndani, mlango akiuacha wazi. Tunabaki na mvua yetu. Anaporudi ameshika mwiko mrefu wa mbao, ncha yake imeungua upande mmoja.

"Mbwa wa kina Coates, namba kumi na moja, ni mshenzi. Usiingize vidole."

Glenda haupokei mara moja. Ni mwiko ambao marehemu mama yake alikorogea supu ya wagomaji, kwenye ukumbi wa kanisa, mwaka ule mzima.

"Baba, huu ni wa mama."

"Najua ni wa nani. Kura yangu huipati."

"Sijaiomba."

"Haya. Uurudishe Ijumaa, saa ya chai."

Mlango unafungwa. Glenda anajifuta uso kwa kiwiko na kusingizia mvua, nami najifuta wangu.

Namuuliza ana mpango gani matokeo yakitoka alfajiri ya Ijumaa. Ijumaa hiyo ama atakuwa mbunge, ama atarudi kwenye wembe wa Mzee Norman.

"Nikishinda, treni ya London ingoje. Nikishindwa, nitamnyoa Mzee Norman anicheke," anasema, akielekea namba kumi na moja. "Lakini kwa vyovyote vile, saa kumi jioni nina mwiko wa kurudisha."