Koroboi ya Nzilani

Kama uliwahi kupita Kanyangi mwisho wa miaka ya themanini, ukauliza ni mama gani anayeomba kuliko wote, hata mlevi angekuonyesha njia ya kwa Nzilani. Wangekuambia mama yule halali. Usiku kucha koroboi yake inawaka, mwanga unapenya nyufa za dirisha, unaonekana hadi ng'ambo ya mto, na mtu akitoka nje kwa haja ndogo anarudi kitandani na amani kwamba kuna mtu yuko macho anamsemea kwa Mungu. Hivyo ndivyo walivyosema. Mimi ni Ndululu, nimeolewa na mdogo wa mume wake, na kati ya nyumba yangu na yake kuna ua wa mkonge tu. Ninawaambia walikuwa wanasema wasichokijua.

Walimletea haja zao jinsi watu wanavyopeleka mahindi posho mill, kila mtu na debe lake. Huyu mume hatumi pesa, yule ng'ombe amekataa kushika mimba. Mama Mbuvi alileta picha ya mwanawe aliyekuwa Mombasa anatafuta kazi. Mbuvi alipopata kazi ya utanboi, yaani utingo, kwenye lori, mamake alikuja na kuku mnene, amemfunga miguu, akamshukuru Nzilani kwa kupiga magoti. Nzilani akashindwa kumkataa kuku, akashindwa pia kumla. Alimpitisha juu ya ua wa mkonge akaniambia nimchukue, kwake hangepita kooni. Nikamchukua, nikamla. Kuku ni kuku.

Mchungaji wetu Jonah ni mtu mwema, lakini anapenda sana mfano ukimwangukia mkononi. Jumapili alikuwa akisimama na kusema sisi wengine tunalala kama magogo huku Mama Muthoki, ndiye Nzilani, akilinda mji. Watu waligeuka kumtazama, naye aliinamisha kichwa, nao wakasema, ona unyenyekevu huo. Unyenyekevu gani? Mimi nilikaa naye benchi moja. Niliona kucha zake zikizama kwenye jalada la Biblia. Ile ilikuwa aibu.

Ukweli ulianza wakati wa njaa ya themanini na nne, ile tuliyoiita Nikw'a Ngwete, kwa maana mtu alikuwa anakufa na pesa mkononi, dukani hakuna cha kununua. Mutunga, mume wake, alikuwa Makindu, askari wa usiku kwenye duka la mbao. Nzilani akaenda kwa miguu kupanga foleni ya mahindi ya njano ya serikali, mtoto wake wa mwisho, Kisilu, amembeba mgongoni. Foleni ililala huko. Akarudi na gunia kichwani na mtoto ana homa, mwili unawaka. Akampa maji, akampaka maji, akamfunika leso, akalala kando yake. Alikuwa hajafumba jicho tangu alipotoka nyumbani. Usingizi ulimchukua mzima mzima. Alipoamka jua lilikuwa limetoka na Kisilu alikuwa baridi.

Ni mimi niliyemwosha yule mtoto. Nzilani hakulia, wala siku ya kuzika hakulia. Aliniambia neno moja tu, "Nililala, Ndululu."

Kuanzia hapo akakataa kulala. Alichemsha majani ya chai hadi yakawa meusi, akanywa bila sukari, akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha binti yake Muthoki, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa shule ya msingi. Koroboi aliiwasha ili aone kifua cha Muthoki kikipanda na kushuka. Hiyo ndiyo taa waliyoiona ng'ambo ya mto. Hakukuwa na maombi pale. Alikuwa mama anayehesabu pumzi za mtoto.

Muthoki akakua, akaenda Kibwezi kuchuma mabenda, yaani bamia, kwenye mashamba ya kumwagilia maji. Sasa Nzilani hakuwa na wa kumlinda, na akautaka usingizi. Kumbe usingizi nao ulikuwa umemkataa. Akilala tu moyo unaanza kumgonga, macho yanafunguka yenyewe. Alijaribu kulima hadi giza ili achoke. Alijaribu mizizi michungu ya mitishamba, na vidonge vya mafua vya dukani, vile vinavyokulegeza. Alilegea mchana, usiku akawa macho vilevile. Mutunga alipokuja mwisho wa mwezi alimwambia ni mawazo tu, yatapita, halafu akageukia ukuta na kukoroma. Huyo alikuwa analipwa kukesha, na mimi najua watu wa Makindu waliomkuta amelala kazini. Mke wake alikesha bure.

Nilimwambia aende dispensari. Nilimwambia mara nyingi hadi nikachoka na sauti yangu. Alisema watu wakimwona kwenye lile benchi watajua. Watajua nini? Watajua ule si wito, ni ugonjwa, na kwamba miaka yote hii amekula imani yao kama mwizi. Nikamkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Akanijibu kwamba kifo kilishakuja, ila kilikosea mtu.

Halafu Muthoki akarudi kutoka Kibwezi na mimba, akajifungua mvulana, akampa jina Kisilu. Alifanya hivyo kwa upendo, kumpangusa mamake machozi. Lakini mimi nilikuwa pale Nzilani alipopewa mtoto na kuambiwa jina, na niliona amemshika mbali na kifua, hadi nikasogea karibu nisije nikaona mtoto yuko chini. Mtoto alipoacha ziwa Muthoki akarudi kazini, akamwachia mamake. Koroboi ikapata kazi tena.

Mwili si chuma, jamani. Nzilani alianza kutia chumvi kwenye chai. Alienda mtoni na mtungi akarudi bila mtungi. Alinitazama akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Alikuwa mtu mpole, sasa alimfokea mbuzi kana kwamba mbuzi amemtukana. Na kanisani watu wakaona macho yale mekundu wakasema, maskini, anatuombea hadi anakonda.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua kali. Nilisikia Kisilu akilia, nikangoja anyamazishwe, hakunyamazishwa. Nikapita kwenye mkonge, ukanichana mguu. Nikamkuta Nzilani ameketi kando ya mafiga, sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukoboa, inatokota, na mtoto karibu kabisa naye anapiga kelele, mkono umeungua kwa sufuria. Nzilani macho yalikuwa nusu wazi. Hakuwa anaona chochote, hakuwa anasikia chochote. Nilimnyakua mtoto, nikamtumbukiza mkono kwenye maji baridi, na nikamtukana Nzilani matusi ambayo mke wa mdogo hamwambii mke wa mkubwa. Aliamka katikati ya matusi hayo. Alipoona ule mkono aliteleza kutoka kwenye kigoda akakaa vumbini.

Tukaenda dispensari, mimi nimebeba mtoto, yeye nyuma yangu. Nesi pale alikuwa Sista Waithera, mama wa kutoka Murang'a aliyeolewa huku, Kikamba chake kinachechemea lakini mikono yake ni ya dhahabu. Alimfunga Kisilu mkono, akamtuliza, kisha akauliza ilikuwaje.

"Nilikuwa naomba, Sista," Nzilani akasema. "Nilifumba macho kidogo."

Na Sista akaamini. Naye alikuwa wa kanisa letu, alimjua Mama Muthoki kama kila mtu. Akaanza kuandika dawa. Nikaona tutarudi nyumbani vilevile tulivyokuja, na siku nyingine haitakuwa mkono tu.

"Sista, huyu hakuwa anaomba," nikasema. "Alikuwa amelala kando ya moto. Usiku halali, tangu ile njaa ya mahindi ya njano."

Nzilani alinitazama kana kwamba nimemvua nguo sokoni. Halafu akasema, polepole, akiangalia bandeji ya mtoto, "Nikilala, mtoto hufa."

Sista Waithera alienda akafunga mlango, na benchi la nje limejaa wagonjwa. Akavuta kiti. Akamwacha Nzilani aseme yote, foleni, gunia, homa, leso. Hakumkatiza. Nzilani alipomaliza akamuuliza Sista kama asingelala mtoto angepona. Nilitaka Sista aseme hapana upesi. Hakusema. Alisema kwamba homa ile inaweza kumaliza mtoto hata mama akiwa macho, na kwamba hakuna anayejua, yeye hajui na Nzilani hajui, lakini Nzilani amejihukumu na kujifunga bila shahidi hata mmoja.

Kisha akawa mkali. Alisema kukosa usingizi siku mbili tatu ukiwa na shida ni jambo la binadamu, linapita. Lakini likiendelea mwezi baada ya mwezi, ukawa unasahau, unafoka, unasinzia mchana ukiwa na mtoto au moto au jembe mkononi, hapo si jambo la kuvumilia tena, ni la kuletwa hospitali. Akauliza kama angevunjika mguu angeketi nyumbani miaka hiyo yote akiuombea. Maombi ni mazuri, alisema, lakini mwenye mguu uliovunjika huomba akiwa njiani kwenda kwa daktari. Akamwandikia aende Kitui kwa daktari anayeshughulika na watu wa mawazo mazito, na arudi kwake kila wiki wazungumze.

Muthoki alikuja habari zilipomfikia. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Alifungua bandeji akaangalia, akaifunga, akakunja nguo za mtoto. "Mwaitu, nitamrudisha ukipona," akamwambia mamake, na mwaitu ndilo neno letu la kumwita mama kwa heshima. Nzilani akajibu kwamba amefanya vizuri kumchukua. Nilimsindikiza Muthoki hadi barabarani. Niliporudi nilimkuta Nzilani ameshika kikombe cha mtoto, na nikajua hili limemuumiza kuliko matusi yangu.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, alisimama. Hakuwa ameniambia. Alisema taa waliyoiona si ya maombi, kwamba yeye ni mgonjwa wa kukosa usingizi, kwamba alipokea kuku wao na shukrani zao akanyamaza, na anaomba wamsamehe. Mama Mbuvi akauliza kutoka nyuma, kwa uchungu wa kweli, ni nani basi aliyempatia mwanawe kazi. Nikageuka nikamwambia ni Mungu, na pengine lori nalo lilikuwa linahitaji mtu. Mchungaji Jonah alikohoa, akasema tuimbe. Wengine hawakumsalimu Nzilani mlangoni siku ile. Wengine hadi leo hawamsalimu. Mchungaji alikuja nyumbani kwake katikati ya wiki, akakaa, akanywa maji, akasema yeye ndiye aliyempandisha juu ya mnara bila kumuuliza.

Usidhani ilikuwa muujiza. Daktari wa Kitui alimpa vidonge vichache vya muda mfupi akamwonya asivizoee, akampa kazi za kufanya. Aache chai baada ya saa sita mchana, na azime koroboi akiingia kitandani. Aamke saa ileile kila siku, awe amelala au hajalala, na mchana asijilaze. Usingizi ukikataa asipigane nao kitandani, ainuke apukuchue kunde hadi macho yawe mazito, ndipo arudi. Na kila wiki kwa Sista Waithera, mlango umefungwa, wanamzungumzia Kisilu aliyekufa. Alipukuchua kunde za boma zima. Polepole akaanza kulala kidogo, halafu zaidi ya kidogo. Yote aliyoambiwa aliyafanya isipokuwa moja. Koroboi hakuizima. Hakukuwa na mtoto nyumbani, na bado aliiwasha.

Muthoki alirudi kabla ya mvua za Novemba, Kisilu anatembea, kovu limekuwa jepesi mkononi. Alimtazama mamake kwa muda mrefu, vile nilivyomwona akiangalia ile bandeji. Jioni akasema yeye atalala kwangu, mtoto alale na susu, nyanya yake. Nzilani akakataa. Akasema Muthoki alale pale pale, hata mlangoni. Muthoki akamwambia hapana, akamwekea mtoto mapajani, akatoka mbele yangu. Nilifikiri msichana huyu ni jasiri au ni mjinga. Tulipotoka nje baadaye, dirisha la Nzilani lilikuwa giza. Muthoki akanishika mkono, na hakuna kati yetu aliyejua kama ni la kufurahia.

Asubuhi ng'ombe wa Nzilani alilia na hakukamuliwa. Jua likapanda, mlango wake umefungwa. Kwetu mlango ukifungwa jua likiwa juu, watu huanza kuulizana. Muthoki alitangulia mbio, mimi nyuma yake, tukasukuma mlango.

Nzilani alikuwa amelala chali, mdomo wazi, anakoroma kuliko Mutunga. Kisilu alikuwa macho, ameketi kando ya kichwa chake, anavuta sikio la susu yake kwa mkono ule wenye kovu. Mwanga wa mlangoni ukampiga Nzilani usoni, akaamka. Hakututazama. Aliweka kiganja kwenye kifua cha mtoto akangoja, akangoja tena, na mtoto akacheka kwa kutekenywa.

"Nimelala," akasema, "na ameamka."

Kisha akanigeukia. "Basi yule wangu aliuawa na nini, Ndululu?"

"Homa," nikamwambia. "Ilikuwa homa, Nzilani."

Hapo ndipo alipomlilia Kisilu wa kwanza. Muthoki akapanda kitandani akamshika. Mtoto alipoona hakuna anayemjali akaanza kudai uji, nami nikachukua ndoo nikaenda kumkamua ng'ombe.