Uzi Mweupe wa Wafula

Niliondoka mtaa wetu wa Jericho kwa sababu ya macho ya mama yangu. Barua ya mwaliko ilitaja sababu nyingine: kanisa moja la Philadelphia, Marekani, lilimwita mtu mmoja wa kanisa letu kwa siku kumi, na mimi, Nekesa, mwalimu wa shule ya Jumapili, nikachaguliwa. Lakini kaka yangu Wafula anaishi mji huo huo. Hajakanyaga nyumbani miaka kumi na minne, na daktari alikuwa amemwambia Mama kwamba presha ya macho haitamwachia nuru kwa muda mrefu. Labda mwaka mmoja, labda chini ya hapo. Mama hakulia. Alisema tu, "Nataka nimwone Wafula nikiwa bado naona."

Mama ni fundi wa nguo katika soko la Jericho. Soko zima linamwita Mama Wafula, ingawa anayemchemshia chai kila asubuhi ni mimi. Wateja huwapima kwa tepu kama mafundi wengine, ila sisi watoto wake alitupima kwa uzi. Kila Desemba tulisimama mlangoni tumenyoosha mgongo, naye akavuta uzi bega hadi bega akafunga fundo, halafu mkono, halafu kifua. Nyuzi zote zimo kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Uzi wa mwisho wa Wafula ni wa mwaka alioondoka.

Saa kumi na mbili asubuhi ya safari, Mama alinitia mkononi uzi mweupe. Alinitazama kwanza kwa sehemu ya juu ya miwani yake, halafu akainua kidevu anitazame kwa sehemu ya chini. Miwani hiyo ina kazi mbili: juu huona mteja anayekuja, chini huona tundu la sindano.

"Umpime nimshonee shati," alisema. "Na umwambie habari ya macho. Mimi kwa simu siwezi."

"Nimwambieje, Mama?"

"Si wewe ni mwalimu? Utajua."

Jirani yetu muuza maziwa alinipeleka uwanja wa ndege kwa pikapu yake. Tulipopita soko la Burma wachinjaji walikuwa wakitundika nyama ya siku hiyo, nikakumbuka jinsi Wafula alivyokuwa akitembea akiguguna mfupa hadi nyumbani. Safari ya angani ilichukua siku nzima na kipande cha usiku. Niliufungia ule uzi ndani ya leso na leso ndani ya Biblia, nikawa naigusa kila tulipotikiswa.

Kufika Philadelphia, nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa ameanza kipara, na koti lake lilikuwa zuri kuliko nguo zote zilizopata kuvaliwa katika ukoo wetu.

"Niaje, siste," alisema akinikumbatia. "Mathee ako aje?"

"Ako tu," nilijibu. Mwalimu mzima, na nilichoweza kusema ni hicho.

Sheng yake, lugha ya mtaani inayomwita mama mathee, ilikuwa ileile ya ujana wetu. Njia nzima aliniuliza habari za Burma, za choo cha pamoja cha ploti yetu, za mbwa aliyekufa zamani. Mwanzo kilichomzuia kurudi kilikuwa karatasi za uhamiaji, kisha kazi, na mwishowe, nadhani, aibu ya kukaa sana.

Siku ya pili aliniamsha saa kumi na moja alfajiri kwa uji wa shayiri. Kwenye mlango wa friji alikuwa amebandika karatasi yenye mistari: siku za wiki juu, na pembeni tabia anazotaka kuzirekebisha, kama vile kunyamaza, mpangilio na kiasi. Akikosea huweka nukta nyeusi. Nilimuuliza ni dini gani hiyo.

"Si dini. Ni yule mzee wangu wa kazini," alicheka.

Mzee huyo ni marehemu wa zaidi ya miaka mia mbili. Wafula huwatembeza wageni katika mitaa ya kale na kuwasimulia habari zake: mchapishaji wa magazeti, mvumbuzi, mmoja wa waliotia sahihi hati ya kuzaliwa kwa taifa lile. Mtindo wa nukta ulikuwa wake kwanza.

Siku ya nne, saa tatu asubuhi, nilijiunga na kundi lake. Nisifiche, nilijivuna. Kijana wa Jericho akiwafundisha Wamarekani mambo ya Marekani. Aliwaeleza jinsi mzee yule alivyoingia mji ule akiwa kijana mtoro, na mikate kwapani. Jinsi alivyounda chama cha mafundi wenzake, wakichanga vitabu hadi ikawa maktaba, na jinsi alivyowakusanya majirani wazime moto wenyewe bila kungoja serikali. Jinsi alivyokataa kuuhodhi uvumbuzi wake, akisema watu na wafaidi.

"Kutoka kwake," Wafula alisema, "tulijifunza kwamba mtu anaweza kujitengeneza mwenyewe, kila siku kidogo, kama fundi anavyotengeneza kiti."

Nilisikia lile "tulijifunza", kana kwamba yeye ni wa kule, likanichoma kidogo. Lakini habari ya chama niliielewa haraka. Wanawake wa Jericho walizibua mtaro wao wenyewe mwaka juzi, na hakuna aliyewasimulia habari za mzee yeyote. Wafula hakuficha pia kwamba mzee huyo alimiliki watu, na kwamba alikuwa mkongwe aliposimama kupinga utumwa. Nilimpenda kaka yangu kwa kutoruka sehemu hiyo.

Kisha akaonyesha miwani ya kioo cha vipande viwili, cha juu cha kuona mbali, cha chini cha kuona karibu. Hiyo pia inasemwa ni kazi ya mzee. Nikabaki naitazama hata kundi likaniacha.

Mchana, wageni walipotawanyika, Wafula alinipeleka kwenye kaburi la mzee. Ni jiwe la kulala, pana, na watu hurusha sarafu juu yake wapate bahati. Majina yalikuwa mawili.

"Huyu mwingine ni nani?" nilimuuliza.

"Mkewe."

"Mbona hukumtaja?"

Wafula alipiga teke kijiwe. "Alikuwa anaogopa bahari. Mzee akaenda Uingereza kwa kazi za serikali, akakaa karibu miaka kumi. Mama wa watu anaandika, rudi. Mzee anajibu, bado kidogo. Akapooza, akafa. Mzee alirudi baadaye."

Ilibidi niketi kwenye ukingo wa ukuta. "Mama anapofuka, Wafula," nilisema. "Presha ya macho. Daktari anasema labda mwaka. Hataki pesa, hataki dawa ya huku. Anataka kukuona akiwa bado anaona."

Alitoa simu mfukoni. Halafu, kama mtu aliyezoea kurekebisha vitu, akaanza: atatafuta daktari mkubwa, atatuma miwani bora, kuna matone mapya. Nilimwacha amalize. Nikatoa uzi.

"Amesema nikupime."

"Mwambie navaa saizi laji," alisema. Nilimzunguka, nikaweka ncha ya uzi begani. Akanishika mkono. Akaukunja uzi taratibu akaurudisha ndani ya leso.

"Usifunge fundo, Nekesa."

Siku zilizobaki hatukulizungumza jambo hilo. Nilidhani amekataa. Ndani ya ndege nililia hadi mama aliyekaa karibu nami akanipa karanga zake.

Nyumbani, saa nne asubuhi, Mama alikuwa kwenye cherehani. Alinyoosha mkono, nikampa uzi. Akaupitisha uzi kati ya vidole vyake, ncha hadi ncha, akitafuta mafundo. Nilikuwa nimejiandaa kumtetea kaka yangu kwa yote niliyojifunza kule: kwamba nchi ile humfundisha mtu kujijenga, na kwamba anayejijenga huweza kusahau aliyempima akiwa mdogo.

"Hajapimwa," Mama alisema, na uso ukamng'aa. "Ameniachia nimpime mwenyewe. Basi anakuja."

Nilimwona mjinga, na Mungu anisamehe. Mwezi uliofuata, Jumamosi moja, Wafula alitokea mwisho wa ploti na begi moja na mfuko wa nyama choma ya Burma unaodondosha mafuta. Mama alimtazama kwa sehemu ya juu ya miwani alipokuwa mbali. Alipofika mlangoni, aliinua kidevu akamtazama kwa sehemu ya chini, muda mrefu, paji, pua, kipara.

"Umezeeka," alimwambia. "Simama wima."

Akasimama pale pale tuliposimama utotoni. Mama alivua miwani, akaniwekea mkononi, akavuta ule uzi mweupe bega hadi bega kwa vidole, akafunga fundo la kwanza.