Shemeji Aliniweka Kwenye Jopo Lake, Langu Likafa

Admin, asalaam aleikum. Naomba ufiche jina langu kabisa, hata la mtoto nimelibadilisha, maana Isiolo ni mji mdogo na shemeji yangu ana wafuasi wengi kuliko wewe.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, naishi Chechelesi na mume wangu na watoto wetu. Mume wangu ni mtu wa malori, anabeba mbuzi kutoka soko la Oldonyiro. Mimi ni mtafiti wa ubongo. Najua wengine mmeshacheka. Hata mama mkwe akiulizwa nafanya kazi gani husema niko hospitali, yaishe.

Kila mwaka watu wa kazi yetu tuna kongamano kubwa, na safari hii liko nje ya nchi. Huendi tu ukapanda jukwaani. Miezi mingi kabla, unapeleka pendekezo la jopo: wazo moja, mwenyekiti, na wazungumzaji waliokubali kutoka sehemu tofauti, kila mmoja na jambo jipya. Kamati inachagua machache, mengi yanatupwa. Na kuna sheria moja, ambayo mimi nilikuja kuijua baadaye. Mtu haruhusiwi kuwa kwenye mapendekezo mawili. Akikubali la pili, la kwanza linaondolewa bila kusomwa.

Wazo langu lilitoka moyoni. Ndugu yangu mdogo ana kifafa. Alikuwa akichunga mbuzi vizuri mpaka ugonjwa ulipomzidi, akaanza kupotea kwenye njia alizozijua tangu utotoni. Siku moja tulimtafuta, tukamkuta ameketi katikati ya mbuzi analia, hajui nyumbani ni upande gani. Tangu hapo nimetaka kujua kifafa kinafanya nini kwenye sehemu ya ubongo inayotunza njia. Nimekaa na familia za wafugaji, wakaniambia mambo ya watoto wao ambayo hata majirani hawayajui. Niliwaahidi kwamba habari zao nitazisema mimi mwenyewe, si mtu mwingine. Jopo langu lilikuwa la hayo. Niliwabembeleza wazungumzaji mpaka wakakubali, nikatuma, nikapumua.

Sasa shemeji. Ni kaka mkubwa wa mume wangu, mhadhiri, na ndiye aliyenifungulia mlango wa kazi hii, hilo sitalikana. Amewahi kukaa kwenye hiyo kamati ya kuchagua majopo. Tulikuwa kwake kwa chakula cha Idd, akaniuliza mbele ya watu, "Mama Nasra, ile yako umeshatuma?" Nikasema nimetuma. Akasema, "Mashallah," akaendelea na pilau yake.

Siku ya mwisho ya kupokea mapendekezo akanipigia. "Kuna kitu nimekutumia kwa simu, bonyeza ukubali. Ni jopo langu, nimekuweka uongee kidogo. Ni heshima tu ya nyumbani." Kwetu shemeji mkubwa akikuomba kitu, humhoji kama polisi. Nilikuwa nakanda unga wa chapati. Nikapangusa mikono, nikabonyeza.

Mmeshajua kilichotokea. Langu liliondolewa bila kusomwa, lake likapita. Na mimi nimo ndani yake, nimewekwa mwisho kabisa, wakati watu wanaanza kutoka kwenda chai.

Nilimwendea. Akaapa, "Wallahi hiyo sheria nilisahau. Na si uko ndani? Sasa unataka nini ingine?" Mtu aliyekaa kwenye kamati asahau sheria ya kamati? Mbona aliniuliza kama nimetuma? Mbona alingoja siku ya mwisho, nisipate nafasi ya kurekebisha? Haukupita muda nikasikia mmoja wa wazungumzaji wangu amealikwa kwenye jopo lake, eti kuna mtu amejitoa. Siku hizi hata akinisalimia natafuta kuna nini nyuma ya salamu.

Nikampelekea mume wangu malalamiko yangu, maana kwetu mke hamshtaki shemeji mkubwa kwa watu wa nje kabla mume hajajua. Nilitarajia atakasirika pamoja na mimi. Alikuwa anakunywa chai, hata hakuweka kikombe chini. "Wewe nawe unashuku kila kitu. Kwani hiyo yako ingepita, ungeenda huko na nani? Sasa si utaenda na kaka."

Nikamuuliza, "Baba Nasra, nyinyi mliongea hii maneno?" Akasema anaenda kuangalia tairi ya lori. Lori lilikuwa limetoka gereji asubuhi hiyo hiyo.

Na asiniambie mtu ni dini, kwa sababu shemeji si mahram wangu, yaani mwanamume ambaye dini inamruhusu kusafiri nami, hata kidogo. Na mume wangu hajawahi kunikataza safari. Nilipokuwa Oldonyiro kwa utafiti, yeye ndiye aliyebaki na watoto. Nilipotuma pendekezo langu alinipongeza, akasema ataniombea. Sasa napitia kila neno zuri aliloniambia najiuliza lipi lilikuwa la kweli. Inauma, jamani. Inauma kuliko ya shemeji.

Kamati inasubiri nithibitishe kama nitakuja. Nikijitoa, habari za ndugu yangu na za wale watoto hazitasikika, au shemeji atazisema yeye kama zake. Nikienda, nakwenda kama mzigo uliokabidhiwa kaka. Nikilalamika kwa kamati, nimeianika familia ya mume wangu mbele ya watu wa nje.

Hayo ya jopo mnaweza kunishauri, nitasikiliza. Lakini lililonileta hapa ni lingine. Nataka kumkalisha mume wangu chini, nimuulize mara moja tu kama ni yeye aliyemwomba kaka yake aniweke kwenye jopo lake ili nisisafiri peke yangu, na naogopa atasema ndiyo. Nyinyi mlio kwenye ndoa, niambieni ukweli: nimuulize, au ninyamaze na shaka yangu niendelee kumpikia?