Georgette na benchi la wafiwa

Tangu Jumatatu nafungua simu ili nimwandikie Georgette kwamba Georgette amekufa. Akili yangu haijapata mtu mwingine wa kumwambia.

Wengi wenu mlimjua kwa sauti tu. Ndiye aliyesoma komunike, yaani matangazo, za vifo kwenye redio yetu hapa Kalemie, jioni, baada ya habari. Homa ilimchukua kwa haraka ambayo bado inanikasirisha.

Nilikaa naye biro moja, ofisi ileile. Kazi yangu ni kuandika taarifa, mikro ya studio siigusi. Hata ujumbe wa sauti situmi, sauti yangu mwenyewe inaniudhi.

Kwa mnaosoma mkiwa mbali: kando ya ziwa kuelekea Moba kuna vijiji ambako simu haishiki. Mtu akifa mjini, ndugu zake wa huko wanajua kwa redio. Familia inaleta karatasi, inakaa kwenye benchi la korido, inangoja.

Wasomaji wengine wa redio huichukua ile karatasi na kuingia nayo studio. Georgette alikuja kwanza kukaa kwenye benchi.

"Mama, nitajie vijiji. Wewe kwanza, mimi nitakufuata." Alirudia kila jina mpaka mfiwa akubali kwamba ndivyo, aseme, "Ee, njo vile." Ndipo alipoinuka.

Chef, mkuu wetu, alimwambia anapoteza muda wa redio. Akamjibu kwa ule upole wake wa kuchokoza: "Chef, muntu anaitwa kwenye kilio. Nikimuita vibaya, hageuki."

Nakumbuka jioni moja, maji ya ziwa yalipoingia kwenye nyumba za watu na televisheni ya Kinshasa ikatukumbuka. Tuliacha kula ili tusikie.

Mtangazaji alifika kwenye jina la kijiji chetu cha Mpala, akalitafuna, akalitema kama mwiba wa samaki, kisha akacheka. "Majina ya huko, watazamaji, mtanisamehe." Nyuma yake, kwenye picha, mwanamke alikuwa anatoa godoro majini.

Muda si mrefu akasoma matokeo ya mpira wa Ulaya. Wachezaji wa Poland, wa Kroatia, majina ambayo herufi zake zinagombana zenyewe kwa zenyewe. Hakujikwaa hata mara moja.

"Unaona?" Georgette akasema. "Ulimi wake ni mzima." Akaendelea na ugali wake.

Sijawahi kusikia mtu akihukumiwa kwa maneno machache kuliko hayo.

Na msidhani nawasema wa Kinshasa peke yao. Wale angalau hawajawahi kutuona. Tuna Landry wetu, msomaji mwingine wa redio hii, aliyezaliwa hapahapa, akaenda kusoma, akarudi akiyavuta majina ya kwao puani kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege asubuhi. Anayajua. Anafanya makusudi. Anadhani kuwasahau watu wake ni diploma ya pili.

Georgette alimuuliza siku moja, "Landry, bibi yako wa Kongolo akikusikia redioni, anakutambua?"

Landry alirekebisha tai yake. Tulicheka mpaka Chef akagonga ukuta.

Jumanne mama yake Georgette alileta karatasi. Alikaa kwenye benchi lilelile. Alitaka kitu kimoja tu: kaka yake asikie. Kwao, mjomba ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini, na mazishi yalipangwa Alhamisi.

Landry akatoka. "Pole, Mama." Akaichomoa karatasi mkononi mwake, na kabla mama hajaitikia alikuwa ameshafika mlango wa studio. Hakumwangalia. Hata uso hakumwangalia.

Nilikuwa nimesimama mlangoni pa biro. Sikupanga chochote. Niliona tu mkono wangu umeishika ile karatasi.

"Wewe?" Landry akasema. "Wewe hata kwenye réunion ya wafanyakazi husemi."

"Leo nasema."

Nikakaa kwenye benchi, mahali pa Georgette. "Mama, wewe kwanza."

Akataja Mpala, kwa baba yake Georgette. Nikafuata. Akataja Zongwe. Nikafuata. Akataja kitongoji cha kaka yake, kule nyuma ya Zongwe. Nikafuata, akatikisa kichwa.

"Hapana, mutoto wangu. Ile ni ya kusoma. Sema ya kuita muntu."

Nikasema tena. Na tena. Alikuwa amefiwa na binti yake, na alikaa pale ananifundisha bila haraka, kama mtu anayemlisha mtoto. Mwishowe akafumba macho. "Ee. Njo vile. Enda."

Jina hilo siliandiki hapa. Nikiliandika, Landry atalisoma kwa pua.

Nilisoma komunike mara mbili, kama Georgette alivyokuwa anafanya. Sauti ilitetemeka kuanzia mwanzo mpaka mwisho. 

Alhamisi, jeneza likiwa limeshatolewa nje na watu wameanza kuangalia jua, mzee mmoja akaingia uani. Suruali imelowa mpaka magotini, viatu mkononi. Mama akamkimbilia, akamuuliza ni nani aliyemwambia.

"Nilisikia tunaitwa," mjomba akasema. "Nilidhani anayetuita ni Georgette mwenyewe."

Georgette, udongo wa kwanza ulikuwa wa mjomba wako. Televisheni ya Kinshasa haikukutaja. Afadhali, ungelazimika kufufuka uwasahihishe, na ulikuwa umechoka.

Kuna familia kwenye korido sasa hivi. Naisikia kutoka hapa.

Lala wewe, rafiki yangu. Naenda kukaa kwenye benchi.